Swila ndani ya ufa, mita 12 kutoka chini: kisa cha Lukenya

Kisa hiki si cha mtu fulani. Tumekiunda kwa ajili ya uchambuzi, kwa vipimo vinavyolingana na miamba ya Lukenya na kwa makosa ambayo mtu huyafanya upesi akiwa juu ya kamba. Lukenya ni kilima cha Ukambani, yapata kilomita 40 kusini-mashariki mwa Nairobi, nje kidogo ya Barabara ya Mombasa ukishapita Athi River. Mwamba wake ni gnaisi ya kale: mgumu, wa kukwaruza vidole, wenye nyufa za wima na za mlalo. Nyufa hizo huwavuta wapandaji kwa sababu kabari, yaani vipande vya chuma vya kushikilia kamba, hukaa vizuri ndani yake. Huwavuta pia pimbi, mijusi na popo, na walipo hao nyoka naye ana sababu ya kuwepo.

Kilichotokea

Ni Jumamosi ya mwezi wa Juni, mvua za masika zimeisha, nyasi ziko magotini na baridi imeanza kuingia. Watu watatu wameondoka South B, Nairobi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kufikia saa nne na nusu wameshapanda njia moja rahisi na sasa wako kwenye ya pili: mita 24, ufa wa wima, kibaraza kipana kwenye mita 6, kisha ufa wa mlalo kwenye mita 13. Jua limeupiga uso huo wa mwamba kwa saa tatu hivi.

Kiongozi anapanda mbele na kamba ya mita 60, akiweka kabari zake mwenyewe. Ya kwanza iko mita 3.5, ya pili mita 7, ya tatu mita 9.5. Fundo la kamba kiunoni mwake limefika mita 12 anapoinua mkono wa kulia kuushika ukingo wa ufa wa mlalo. Ndani hakuoni, kwa kuwa ukingo uko juu ya macho yake. Vidole vinaingia, anajivuta kidogo, uso unafika usawa wa ufa. Mbele yake, kama sentimita 80 upande wa kulia, kuna nyoka mweusi aliyeinua kichwa na kupanua shingo. Kabla hajamaliza kuelewa anachokiona, macho yote mawili yanawaka.

Mambo yafuatayo yanatokea kwa muda wa sekunde kumi na tano hivi. Kiongozi anapiga kelele "Nyoka!" na kurudisha kichwa nyuma. Anauondoa mkono wa kulia kwenye mwamba na kuyasugua macho kwa vidole vilivyojaa chaki ya kukaushia jasho. Mshika kamba aliye chini anasikia kelele, anafikiri mwenzake anaanguka, na anaivuta kamba kwa nguvu. Mvuto huo unamtikisa kiongozi, mguu wa kushoto unateleza, anabaki amening'inia kwa mkono mmoja na ncha ya kiatu kimoja. Nyoka huyo ni swila, fira anayetema sumu, na sasa anatema tena. Safari hii sumu inaishia kwenye helmeti na shavuni. Mtu wa tatu, aliyekuwa amekaa pembeni juu ya jiwe, ndiye anayeokoa mambo. "Wacha kuvuta! Wewe uliye juu, teremka, mguu wa kushoto uko nusu mita chini, hapo hapo."

Kiongozi anateremka kwa kupapasa mpaka kiuno kinafika karibu na kabari ya tatu, anakalia kamba, na kushushwa. Anashushwa kwa pupa. Kwenye kibaraza cha mita 6, ambacho hakioni na hakuna aliyemwonya, mguu wa kulia unatua vibaya na kifundo kinateguka. Chini kuna maji mililita 700 tu, mengine yalishanywewa. Wanaosha macho kwa dakika tatu, maji yanaisha. Wanatumia dakika 25 kukusanya vifaa, dakika 15 kutembea hadi kwenye gari, kisha wanasimama kwenye duka la dawa Athi River na kuuziwa matone ya macho. Hospitali yenye daktari wa macho wanaifikia baada ya saa tatu kupita tangu sumu iingie.

Kiongozi anapona. Hata hivyo, anapona baada ya wiki mbili badala ya siku chache, na akiwa na kifundo kilichofungwa bandeji.

Zile mita mbili na nusu

Ukiwasimulia watu kisa hiki, wote watauliza kuhusu nyoka. Sisi tunaanza na kabari ya tatu, kwa sababu hapo ndipo mtu angeweza kufa.

Fundo la kiongozi lilikuwa mita 12, kabari ya mwisho mita 9.5. Tofauti ni mita 2.5. Angeuachia mwamba, angeanguka mita 2.5 hadi usawa wa kabari na nyingine 2.5 chini yake kabla kamba haijaanza kukaza: jumla mita 5. Ongeza ulegevu wa kamba mkononi mwa mshika kamba na mnyumbuko wa kamba yenyewe, unapata mita nyingine moja au moja na nusu. Kiuno kingesimama kwenye mita 5.5 hadi 6. Lakini miguu iko mita moja chini ya kiuno, na kibaraza kiko mita 6. Maana yake ni kwamba miguu ingekipiga kibaraza pale pale kamba inapoanza kukaza, kabla haijapunguza kasi yoyote. Mwili ulioanguka mita 5 unakwenda karibu kilomita 36 kwa saa. Hapo tunazungumzia nyonga, visigino na uti wa mgongo.

Kwa hiyo jambo ambalo mwili wote unakuamuru ulifanye, yaani kujitupa mbali na nyoka, ndilo baya kuliko yote kwenye mwamba huu. Jicho lenye sumu linaweza kusubiri sekunde ishirini ukateremka. Huumia vibaya sana, lakini halipotei kwa sekunde ishirini.

Na mshika kamba? Kuvuta kamba kunamsaidia mpandaji aliye chini ya kabari yake ya mwisho. Aliye juu yake, kama huyu, kamba inapita kiunoni, inashuka hadi kwenye kabari, inarudi chini. Ukiivuta unamvuta yeye kwenda chini na nje. Kazi ya mshika kamba anaposikia kelele asiyoielewa ni moja: afunge breki na atulie. Asiongeze ulegevu, asiupunguze. Mpandaji akianza kuteremka ndipo aupunguze taratibu, ulegevu wa sentimita chache tu, mpaka kiuno kifike usawa wa kabari. Hapo kamba inakuwa upande wake.

Kuna swali la haki kabisa kuhusu kumshusha mtu mzima kwenye kabari moja tu. Wakati wa kushusha, kabari ya juu hubeba uzito wa mpandaji pamoja na mvuto wa upande wa mshika kamba, jumla kama mara moja na nusu hadi mbili ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 75 ni takriban kilonyutoni 1.1 hadi 1.5. Kabari ya ukubwa wa kati hutengenezwa kubeba mara kadhaa ya hapo. Chuma hakitakatika, kinachoweza kushindwa ni namna ilivyokaa ndani ya ufa, hasa ikivutwa kuelekea nje badala ya chini. Ndiyo maana kamba iachwe ipite kwenye kabari zote tatu mpaka mtu afike ardhini, na ashushwe bila mishtuko. Mita moja kwa sekunde mbili au tatu inatosha. Na kila kitu kinachomjia asikie kikitajwa mapema: "Kibaraza, mita mbili… mita moja… weka miguu." Mtu asiyeona hushuka kwa masikio. Kifundo kile kiliteguka kwa kukosa maneno saba.

Sumu inayorushwa

Watu husema swila hutema mate. Ni sumu ile ile anayoitumia akiuma, ila tundu la jino lake ni dogo, la mviringo, na limetazama mbele badala ya chini. Misuli ikibana kifuko cha sumu, sumu inachuruzika kwa kasi kama maji ya sindano, na nyoka hutikisa kichwa wakati huo huo ili matone yaenee upana wa uso. Hufika mita mbili na zaidi. Kinachomfanya arushe ni uso unaosogea mbele yake. Anaweza kurusha mara nyingi mfululizo, kwa hiyo usimhesabie kwamba "ameshamaliza".

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba tabia hii ilijitokeza mara tatu kwa nyakati tofauti katika ukoo wa fira na jamaa zao, na kwamba kila mara sumu ilibadilika ili iume zaidi: kemikali za kuharibu seli zinaongezewa nguvu na kimeng'enya kinachochochea neva za maumivu. Ni silaha ya kujikinga, haina kazi ya kuwindia. Kwa mpandaji maana yake ni kwamba kope zitajifunga zenyewe kwa nguvu, machozi yatatiririka, na hata jicho lililopata tone moja tu halitafunguka. Usipange kuteremka kwa jicho moja.

Kenya ina swila wa aina kadhaa. Yupo mwenye shingo nyeusi, anayepatikana sehemu nyingi za nchi. Yupo mwekundu wa nyanda kavu. Na yupo yule mkubwa kuliko wote wanaotema, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2007 kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Watamu. Kwa huduma ya kwanza ya macho tofauti hizo hazibadilishi chochote. Asikupotezee mtu muda akibishana ni yupi.

Kama ukimwona kabla hajarusha, funga macho na inamisha kidevu hadi kifuani. Helmeti ndiyo inayobaki ikimtazama. Usigeuze uso pembeni huku macho wazi. Uso unaogeuka ni uso unaosogea. Teremka ukiwa umeinama hivyo, mikono ikihama polepole. Swila hana haja ya kukufuata, kwani aliye mlangoni kwake ni wewe.

Ile chaki nayo. Vidole vya mpandaji vina unga wa magnesiamu na punje za mwamba, na kuvisugua kwenye jicho ambalo ngozi yake ya juu imeanza kulegezwa na sumu ni sawa na kulipiga msasa. Sehemu kubwa ya wiki mbili zile za kupona tunaipa mkono wake mwenyewe, si nyoka.

Maji: kiasi gani, kwa namna gani

Macho yaliyoingiwa na sumu yaoshwe mfululizo kwa dakika 15 hadi 20. Chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kifuniko kwa msumari hutoa maji kidogo kidogo, tuseme mililita 150 hadi 200 kwa dakika. Piga hesabu: dakika 20 ni lita 3 hadi 4. Zile mililita 700 zilikwisha kwa dakika tatu, na hata kwa chupa kama hiyo zisingefika dakika tano. Kwa hiyo kundi linalokwenda Lukenya liwe na dumu la lita 5 lisiloguswa, lisilo la kunywa, liachwe chini ya mwamba wanaoupanda. Likiachwa kwenye gari ni kama halipo. Mfuko wa dripu ya chumvi wa mililita 500 kutoka duka la dawa ni mwepesi na mrija wake unaosha vizuri, lakini ni wa kuanzia tu.

Mlaze mgonjwa chali, kichwa kigeukie upande wa jicho unaloosha ili maji yasiingie jicho la pili. Kope zifunguliwe kwa vidole vya mtu mwingine aliyenawa mikono. Mwenyewe hataweza, na atakuzuia. Tiririsha kutoka pembe ya puani kwenda nje. Mwambie aangaze juu, chini, kushoto, kulia, ili maji yafike chini ya kope. Akiwa amevaa lenzi za macho, zitolewe dakika ya kwanza. Badilisha jicho kila dakika mbili tatu. Halafu osha na uso, masikio na helmeti, kwani sumu iliyobaki usoni itaoshwa na jasho kurudi machoni.

Maziwa? Hili huulizwa kila mara. Hayana uwezo wa kuivunja sumu. Kazi yake ni kuosha tu, kama maji. Kama maji hakuna na mwenyeji wa karibu ana maziwa, tumia maziwa, kisha maji yakipatikana osha tena. Soda na pombe usiguse. Limau, majani ya kutafunwa, jiwe jeusi, yote hayo yaache nje ya jicho.

Wakati huo huo, mmoja akiosha, mwingine akague mikono. Hili lilisahaulika kabisa katika kisa chetu. Vidole vya kiongozi vilikuwa ndani ya ufa ule ule wa nyoka, na mtu mwenye maumivu makali machoni anaweza asitambue alichofanyiwa kidoleni. Osha chaki yote, tafuta tundu moja au mawili, angalia uvimbe. Michubuko ya mwamba ni mingi, kwa hiyo rudia ukaguzi baada ya dakika 20: mchubuko haukui, jeraha la swila huvimba. Sumu iliyodondoka kwenye ngozi nzima huoshwa na imekwisha.

Barabarani, dukani, hospitalini

Vifaa viachwe. Dakika 25 za kukusanya kamba na karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba, zilitolewa kwenye muda wa macho ya mtu. Anayeendesha aende na mgonjwa, wa tatu akae nyuma na maji yaliyobaki akiendelea kuosha. Mwenye kifundo kilichoteguka asitembezwe dakika 15 akiwa haoni; gari lisogezwe karibu iwezekanavyo, au abebwe. Msaada wa simu ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wana 1199, lakini kwa mgonjwa anayepumua vizuri na gari lipo, kusubiri ambulansi Lukenya kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Jumamosi mchana Barabara ya Mombasa inajulikana kwa msongamano. Toka Mlolongo panda barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022. Si siku ya kubania hela ya tozo. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina idara ya macho, na upande wa pili wa jiji Kikuyu kuna kitengo cha macho kinachojulikana nchi nzima. Aliye na wasiwasi wa msongamano ana Machakos upande wa nyuma. Piga simu kabla: daktari wa macho yupo leo?

Sasa lile duka la dawa. Baadhi ya matone yanayouzwa kwa "macho mekundu" yana steroidi ndani. Jicho lililochubuliwa na sumu likipewa steroidi bila daktari kuliona, kidonda kinaweza kuchelewa kufunga na vijidudu vikapata nafasi. Soma kisanduku: jina likiishia na "-sone" au "-lone", rudisha. Matone ya ganzi nayo ni ya kliniki, kwa ajili ya kuoshea na kupimia. Mtu akipewa akaenda nayo nyumbani akajitilia kila akiumwa, ataharibu jicho alilokuwa anataka kulituliza. Cha kununua barabarani ni maji ya dripu, na parasetamoli kwa maumivu.

Mapokezi useme maneno haya kwa ukamilifu: "Sumu ya swila imeingia machoni saa nne na nusu, tumeosha kwa dakika kadhaa, hakuumwa." Neno "nyoka" peke yake huwapeleka watu kwenye dawa ya kuzuia sumu ya kudungwa mshipani. Kwa macho yaliyotemewa dawa hiyo haihitajiki, wala haitiwi jichoni. Ni ghali, na ina hatari yake ya mzio mkali. Anachohitaji mgonjwa ni kuoshwa tena, kutiwa rangi ya flurosini na kumulikwa kwa taa ya buluu ili michubuko ya jicho ionekane kwa rangi ya kijani, kisha dawa ya kuzuia vijidudu na kurudi kesho yake. Macho yaliyooshwa mapema na vizuri kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache. Yaliyochelewa huweza kupata kidonda cha konea, utando angavu wa mbele ya jicho, na kovu la hapo ndilo linalopunguza uwezo wa kuona.

Angejuaje kabla?

Si kila mbinu ingemsaidia. Kupiga kelele hakumfukuzi nyoka kwa namna ya kutegemewa. Hana masikio ya nje, na mitetemo ya miguu yako ardhini haifiki sawasawa ndani ya jabali zima. Fimbo inafaa kwenye nyasi za njiani. Juu ya mwamba haifai. Wako wanaochokonoa ufa kwa kile kijiti cha chuma cha kung'olea kabari. Kina urefu wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo umejiweka sentimita 20 kutoka kwa nyoka uliyemkasirisha.

Kinachosaidia ni macho, tena kutoka pembeni. Ukiwa mita 11 juu, jisogeze kushoto au kulia ya ufa wa mlalo uuangalie kwa mshazari kabla hujauingia kwa uso. Tafuta gamba lililovuliwa, mstari mweupe kama chokaa ukingoni, kinyesi cha pimbi kilichorundikana. Shore na ndege wengine wadogo wakikusanyika sehemu moja na kupiga kelele kwa pamoja, kuna kitu hapo. Asubuhi za baridi za Juni na Julai nyoka huchelewa kutoka, na saa nne hadi saa sita mwamba unaotazama mashariki ndio kiti chake cha jua. Panda uso mwingine saa hizo, huu urudie baadaye.

Miwani inayozunguka macho, ile ya plastiki isiyo na rangi wanayovaa mafundi, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ya chakula cha mchana. Ingelimaliza suala lote la macho. Wapandaji hawaivai kwa sababu haipendezi kwenye picha.

Na kabari. Kanuni tunayoishikilia ni kwamba usiingize mkono mahali usipopaona bila kwanza kuweka kabari mpya usawa wa kifua. Katika njia hii ufa wa wima ulikuwepo mpaka mita 12.5, kabari kwenye mita 11.5 ingefanya fundo liwe nusu mita tu juu yake. Anguko lingekuwa mita moja na mnyumbuko wa kamba, hewani, juu kabisa ya kibaraza. Hapo mtu aliyetemewa angeweza hata kujiachia na kukaa kwenye kamba, akashushwa mara moja. Ni kabari ile ile ambayo ingemfaa kama kishikio kingevunjika au nyuki wangetoka. Nyuki, tukisema kweli, tunawaogopa kuliko swila: nyoka hakufuati hadi chini.

Kama angeumwa

Tulitaje kwa ufupi, maana vidole vilikuwa ndani. Jeraha la swila huharibu nyama. Moma naye hufanya vivyo hivyo, naye hukaa njiani chini ya mwamba kuliko juu yake. Kwa wote wawili pete na saa zitoke mara moja, mkono ufungiwe gango na utulizwe, ukingo wa uvimbe uchorwe kalamu na saa iandikwe kando yake. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usiweke barafu. Bandeji ya kubana mkono mzima ni ya nyoka wanaopooza pumzi kama koboko. Kwa swila na moma inaizuia sumu sehemu moja na kuzidisha uozo wa nyama. Asipewe aspirini wala ibuprofeni. Hospitali iulizwe kwa simu kama ina dawa ya sumu ya nyoka wa Afrika, kwa kuwa si kila moja huwa nayo, na mtoto akihitaji hupewa kipimo kile kile cha mtu mzima, kwa sababu kinachopimwa ni sumu.

Kabari zilizobaki juu

Kamba ilifunguliwa fundo ikavutwa, ikatoka. Kabari tatu na karabina zake zilibaki mwambani, na jioni ile ile simu zikaanza: nani atakwenda kuzichukua kesho? Hakuna. Nyoka mwenye maficho mazuri hurudi, na ufa wa kina, wenye jua la asubuhi na pimbi jirani, ni maficho mazuri. Kumuua ni kosa la kwanza, kwa kuwa unapaswa kumsogelea. Wiki kadhaa baadaye mtu mwenye miwani anaweza kushuka kwa kamba kutoka juu, alasiri, akiukagua ufa kwa mbali kabla ya kuufikia, na kuzing'oa bila kupita mbele yake kwa uso.

Kinachopaswa kufanyika siku ile ile ni kuandika. Wapandaji wa Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoanzishwa 1949, wameitumia Lukenya kwa miongo mingi, na taarifa za njia huzunguka kwa maandishi na kwa mdomo. "Kuna nyoka Lukenya" haimsaidii mtu, kila mmoja anajua. Iandikwe hivi: jina la njia, ufa wa mlalo mita 13, upande wa kulia wa mstari wa kupanda, swila mweusi, saa nne na nusu, jua kali, Juni, kibaraza cha mita 6 kinagongwa ukianguka kutoka hapo, weka kabari mita 11.5.